Uzoefu wangu Stoke Bruerne: boti nyembamba za mizigo na watu walioishi ndani yake

Nitoe hukumu yangu mapema. Ukiwa Uingereza na unataka kuzielewa zile boti ndefu nyembamba za mifereji, nenda Stoke Bruerne, kijiji kidogo cha Northamptonshire kilicho kwenye mfereji wa Grand Union. Makumbusho ya mifereji yamo ndani ya kinu cha zamani cha nafaka, na yapo tangu 1963. Pita haraka kwenye ramani na picha za wahandisi ukitaka, lakini usiharakishe ukifika kwenye kijumba cha tezi, yaani chumba cha kuishi kilicho nyuma ya boti.

Kijumba hicho kina urefu wa mita 3 hivi na upana wa mita 2 na kidogo. Humo waliishi baba, mama na watoto. Unaposhuka unakanyaga sanduku la makaa, ambalo ndilo ngazi. Kando yako kuna jiko la chuma, kisha kabati ambalo mlango wake ukishushwa unakuwa meza. Mbele kidogo kuna kabati jingine: mlango wake ukilazwa unakatiza kijumba kutoka ukuta hadi ukuta, na hicho ndicho kitanda cha wazazi. Mtoto alilala kwenye benchi la pembeni. Halafu utazame urembo! Sahani zenye kingo za matundu zimetundikwa kwa utepe, vitambaa vya kufuma vimepangwa juu ya jiko, shaba imesuguliwa hadi inang'aa, na karibu kila ubao umechorwa mawaridi na makasri. Hata kopo la maji, lililokaa juu ya paa karibu na bomba la moshi, lilipakwa maua. Ni fahari ileile ya wenye malori na daladala wanaopamba chombo kinachowalisha. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga, na sikujutia.

Sasa, kwa nini familia nzima ihamie ndani ya nafasi kama hiyo? Jibu ni pesa, na hilo ndilo jambo ambalo kila mgeni anapaswa kuondoka nalo. Mwaka 1761 mfereji wa Bridgewater, kazi ya mhandisi James Brindley, ulianza kupeleka makaa ya Worsley hadi Manchester, na kwa miongo kadhaa mifereji ikawa ndiyo njia kuu ya shehena nzito. Reli zilipoenea katika miaka ya 1830 na 1840, malipo ya mizigo yaliporomoka. Nahodha alilipwa kwa safari na kwa tani; hakumudu tena kodi ya nyumba nchi kavu pamoja na mshahara wa msaidizi. Mkewe akashika kana, yaani mpini wa usukani, bila mshahara, watoto wakaongoza farasi aliyeikokota boti kutoka ukingoni. Mwanaharakati George Smith wa Coalville alipiga kelele hadi ikapatikana sheria ya 1877, iliyotaka boti zisajiliwe na idadi ya wanaolala humo iwekewe kikomo. Shule ilibaki taabu, maana boti haikai mahali pamoja. Hapo hapo Stoke Bruerne muuguzi Sister Mary Ward aliwatibu watu wa boti kwa miaka mingi, na habari zake zilinigusa kuliko za mhandisi yeyote.

Nje imefungwa Sculptor, boti ya mizigo iliyoundwa 1935. Simama uitazame kisha utazame loki, yaani vile vyumba vya maji vya kupandishia na kushushia boti. Boti ina upana wa mita 2.1 kwa sababu loki nyingi za katikati ya nchi zina upana wa aina hiyo. Za hapa ni pana maradufu, hivyo boti mbili, yenye injini na inayokokotwa, ziliingia sambamba.

Nilipanda pia boti ya abiria kwenda kwenye handaki la Blisworth. Lilifunguliwa 1805, lina urefu wa mita 2,813, na ndani hakuna njia ya farasi. Farasi alipitishwa juu ya kilima huku wanaume wawili wakilala chali kwenye mbao, mmoja kila upande, wakisukuma kuta kwa miguu hadi upande wa pili. Kuanzia 1871 boti za mvuke zikawapokea kazi hiyo. Handaki lenyewe ni baridi na lina giza nene, na maji hudondoka kutoka kwenye mashimo ya hewa, kwa hiyo vaa koti. Hapa nina lawama: mwongozaji wetu alisema mengi juu ya matofali na karibu hakusema lolote juu ya wanawake, wakati kwenye Vita vya Pili vya Dunia wasichana wa mijini walifunzwa na kuendesha boti hizi kati ya London, Birmingham na Coventry. Anayelipa nauli anastahili kuelezwa hayo.

Kazi yenyewe ilikufa karibuni tu. Barafu ya majira ya baridi ya 1962 hadi 1963 ilikwamisha boti kwa wiki nyingi, na mwaka 1970 ukaisha mkataba wa mwisho wa kudumu wa masafa marefu, wa kupeleka makaa kwenye kiwanda cha jemu huko Southall.

Makumbusho nayapa nyota 5, safari ya handakini nyota 3. Kijiji hakina stesheni ya treni, hivyo panga usafiri mapema. Ukiweza kungoja hadi Juni, unganisha na Braunston, ambako boti za mizigo za zamani hukusanyika kila mwaka.