Kuchapa juu ya DVD: njia ya kununua kwanza, na ya kuacha dukani

Stika ndiyo iliyonifundisha kazi hii. Nilikuwa natengeneza DVD za kwaya, nikanunua pakiti ya stika za duara, nikazichapa kwa printa ya kawaida na kuzibandika moja moja kwa mkono. Zilipendeza kweli. Wiki ya tatu nikapigiwa simu: moja imenasa ndani ya redio ya gari, ile ya kumezeshwa CD mdomoni, na fundi amelazimika kufungua dashibodi. Gari lilikuwa limeegeshwa juani, gundi ikalainika, ukingo wa stika ukajikunja. Gharama ya fundi nililipa mimi.

Kwa hiyo orodha hii nimeipanga nikimfikiria mtu wa studio ndogo: mpiga video wa harusi, fundi mitambo wa kanisa, mwalimu anayetoa kumbukumbu ya mahafali. Wengi wamehamia kwenye flashi na YouTube, najua. Lakini bibi harusi anayetaka kumpelekea mama yake kijijini kitu cha kuweka kwenye deki bado yupo, na anataka picha yake ionekane juu ya DVD, si mwandiko wako.

Kabla ya mashine, nunua diski sahihi. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Diski ya kawaida yenye mgongo wa fedha au nembo ya kampuni hainywi wino wa maji. Ukichapa juu yake, wino unabaki umelowana kama mvua kwenye bati, ukigusa tu unafutika. Unayoitaka ina mgongo mweupe uliopakwa tabaka la kunyonya wino, na kwenye boksi imeandikwa "Inkjet Printable". Ukiona pia "Hub Printable", chukua hiyo: weupe unafika karibu na tundu la katikati, kwenye milimita 21 hadi 23. Zisizo na sifa hiyo huacha duara tupu la milimita 46 hivi katikati, na ukiweka picha ya maharusi, duara hilo huangukia vifuani mwao. Diski nzima ina kipenyo cha milimita 120. Chapa hadi 118, si zaidi, la sivyo wino utachafua trei, ile sahani inayoingiza diski kwenye printa, na trei itachafua diski inayofuata.

Namba moja, bila kusita: printa ya wino yenye trei ya diski na matangi ya kujaza. Epson ndio waliolishika soko hili kwa muda mrefu, kuanzia zile Stylus Photo za katriji hadi L800, L805 na L8050 za matangi. Zina rangi sita: nyeusi, njano, buluu, waridi, kisha buluu hafifu na waridi hafifu. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazofanya ngozi ya mtu ionekane ngozi, isitoke na vitone vitone usoni. Printa ya rangi nne itakuchapia nembo vizuri, lakini uso wa mtu ndio unaoileta kesi. Wino wa tangi unauzwa kwa chupa, na gharama kwa kila diski inakuwa ndogo mno kulinganisha na katriji. Tena mashine hizi hazikai bure msimu wa harusi ukipita, kwa maana mafundi wengi wanazitumia kuchapa vitambulisho vya plastiki vya shule.

Udhaifu wake ni unyevu. Wino huu ni wa maji. Mkono wenye jasho la Dar au Mombasa ukishika diski mbichi, alama ya kidole inabaki humo milele. Ziache zikauke siku nzima, zimetandazwa, usizirundike kwenye kijiti chake wala kuzifungia kwenye kava. Zipo diski za mgongo unaong'aa zinazostahimili maji. Zilizosifika zaidi zilikuwa za Taiyo Yuden ya Japani, kampuni iliyoasisi CD ya kuchoma, yaani CD tupu unayoiandikia mwenyewe, mwaka 1988, lakini iliacha biashara hiyo mwishoni mwa 2015. Anayekuuzia leo "mpya kutoka kiwandani" za jina hilo, muulize imekaa stoo miaka mingapi. Na usiiache printa ikalala mwezi mzima, kichwa chake cha kutolea wino kitaziba. Chapa hata ukurasa mmoja kila wiki.

Choma kwanza, hakiki kama inasoma, ndipo uchape. Wapo wanaofanya kinyume wakiogopa vumbi na alama za vidole upande wa kusomea. Mimi naona diski iliyofeli ikiwa tupu ni hasara ya diski, lakini iliyofeli ikiwa na picha ya bwana harusi ni hasara ya diski, wino na jioni yako.

Namba mbili ni kutonunua mashine kabisa, ukawapa kazi wenye kiwanda. Ukifika oda ya mia kadhaa kwenda elfu, kaa chini upige hesabu upya. Viwanda hutumia njia mbili. Ya skrini ni ile ile ya kuchapa fulana: kila rangi na wavu wake, wino mzito, rangi imara isiyofutika. Inafaa nembo, maandishi makubwa na rangi bapa. Ya pili ni ofseti, ambayo ndiyo ya picha. Vyovyote vile, sisitiza waweke msingi mweupe kwanza chini ya picha. Wasipouweka, fedha ya diski inapenya kwenye rangi na nyuso zinatoka kijivu, kama mtu anayejitazama kwenye sufuria. Wengine huuacha ili kupunguza bei bila kukuambia. Tena agiza mapema, kwa sababu kazi ya kiwandani haina haraka ya Ijumaa kwa ajili ya Jumamosi.

Namba tatu ni mashine za joto, zinazoyeyusha utepe wa rangi juu ya diski. Za rangi moja, mfano wa Signature Z1 ya Primera, hazihitaji mgongo wa kunyonya wino. Zinaandika kwenye diski laini ya kawaida, zinatoka kavu, na maji hayazigusi. Kwa ofisi inayotoa rekodi za vikao, au hospitali inayompa mgonjwa picha zake za skani, hii ni bora kuliko hata namba moja yangu. Kwa harusi haina maana. Zile kubwa za rangi kamili, kama Everest ya Rimage, huchapa kwanza kwenye filamu kisha kuihamishia juu ya diski kwa joto. Matokeo yake ni mazuri sana, lakini bei ya mashine na tepe ni ya taasisi. Ukiikuta imetumika, usiilipie kabla hujajua tepe zake utazipata wapi.

Kuna njia moja mpya ambayo sijaamua niiweke wapi. Wachapaji wa kalamu na makasha ya simu wana mashine za wino unaokaushwa kwa taa ya urujuanimno (UV). Wino huo unashika juu ya plastiki yoyote, ukiwemo mgongo wa fedha. Nimeona kazi zinazovutia. Tatizo ni kwamba wino ule ni mnene na husinyaa ukikauka, na diski ikipinda hata kidogo deki inaanza kukwamakwama. Wape diski mbili za majaribio, uzicheze hadi mwisho, maana ukingo wa nje ndio unaoumbuka kwanza.

Namba nne ni maka peni. Usicheke. Kwa nakala tatu za familia, maka ya wino wa maji yenye ncha laini, mwandiko mzuri na kava lililochapwa vizuri vinatosha. Epuka maka yenye harufu kali ya spiriti, hasa kwenye CD. Kwenye CD data ipo juu kabisa, chini ya utando mwembamba wa vanishi upande ule ule unaoandikia. Kinachosomwa kutoka chini kinapitia karibu unene wote wa milimita 1.2. DVD ni sahani mbili za milimita 0.6 zilizogandishwa, na data imelala katikati, kwa hiyo ina ngao kidogo. Kalamu ya wino ya kawaida, ile yenye ncha ngumu, usiisogeze kwenye CD kabisa.

LightScribe nitaipitia haraka. HP waliileta katikati ya miaka ya 2000: unageuza diski, leza inachora picha ya rangi moja. Ilihitaji draivu yake, yaani kifaa cha kompyuta cha kuchomea diski, na diski zake maalumu, ilichukua dakika nyingi kwa kila moja, na picha ilififia ikikaa kwenye mwanga. Haitengenezwi tena. Draivu ukipewa bure, chukua kama ukumbusho.

Stika inabaki mkiani. Mbali na kubanduka, ikikaa upande hata kwa milimita moja inavuruga mizani, na draivu ya CD ya spidi 52 inazungusha kwa takriban mizunguko 10,000 kwa dakika. Mwongozo wa utunzaji wa diski uliotolewa mwaka 2003 na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, unashauri stika zisitumike kwenye diski za kutunza muda mrefu. Ukishaibandika, usijaribu kuibandua: kwenye CD unaweza kuondoka na data.

Ukienda kununua printa iliyotumika, ulizia trei kabla ya bei. Kila toleo lina trei yake, ya toleo jingine mara nyingi haiingii, na wauzaji huipoteza kwa sababu hawajui ni ya nini. Nenda na diski moja nyeupe mfukoni, waombe wachape mbele yako, kisha angalia kama duara limekaa katikati na kama rangi zote sita zinatoka.