Uzoefu wangu na kalenda ya watunzi wa muziki yenye mashairi ya mzaha

Kalenda ninayoieleza hapa ni ya kutundika ukutani. Kila mwezi una picha ya kale ya mtunzi mmoja wa muziki wa Ulaya, maneno machache ya mzaha chini ya picha, na ubeti wa kuchekesha uliotungwa kwa Kiswahili. Nimeinunua kwa shilingi 25,000 na kuitundika katika chumba cha mazoezi ya kwaya ninayoifundisha, ambako waimbaji wengi wanamjua Handel kwa sababu ya Haleluya yake, wanamjua Bach kwa jina, na waliobaki walikuwa kwao orodha ya majina magumu kutamka. Nilitaka kitu kitakachowapa watunzi hao sura, na nilitaka pia kujua kama mzaha wa namna hii unaweza kusimama kwa Kiswahili bila kuonekana umeazimwa.

Kipimo changu ni chepesi. Funika jina la mtunzi kwa kiganja, kisha ujiulize kama maneno yaliyo chini ya picha yanaweza kuhamishiwa kwa mtunzi mwingine bila mtu yeyote kushtuka. Yakihama kirahisi, basi mwandishi hakuitazama picha. Ametazama nywele za bandia na sura iliyonuna, akaandika jambo la kwanza lililomjia.

Januari amewekwa Mozart, naye amefaulu kipimo hicho vizuri kuliko wote. Picha iliyochaguliwa ni ile ambayo shemeji yake, Joseph Lange, mwigizaji wa Vienna aliyekuwa pia mchoraji, aliiacha bila kuimaliza: uso umekamilika, macho yametazama chini kana kwamba mtu yupo mbele ya kinanda, lakini koti limeishia njiani na sehemu kubwa ya chini ni rangi ya msingi tu. Chini yake wameandika: “Fundi amesema nipite Jumamosi.” Mtu yeyote aliyewahi kupeleka kitambaa kwa fundi cherehani wiki moja kabla ya harusi hahitaji kuelezwa zaidi. Maneno hayo hayawezi kwenda kwa Beethoven wala kwa Brahms, kwa sababu wao makoti yao yamekamilika.

Ubeti wa mwezi huo unamhusu ndege wa Mozart, na hapa mwandishi ameonyesha kuwa amesoma. Tarehe 27 Mei 1784 Mozart alinunua ndege wa jamii ya kwezi na kuandika bei yake katika daftari la matumizi, kreuzer 34 (sarafu ndogo za Austria ya wakati huo), pamoja na noti za wimbo aliousikia ndege huyo akiuimba, wimbo unaokaribia sana ule uliomo katika sehemu ya mwisho ya kazi yake ya piano na okestra namba 17. Ndege alipokufa, tarehe 4 Juni 1787, Mozart mwenyewe alimtungia shairi la maombolezo lenye utani, akimwita mpumbavu mpendwa. Ningependa kalenda iseme wazi kwamba mashairi ya mzaha kuhusu muziki wa kale hayakubuniwa na sisi tunaocheka leo, bali watunzi wenyewe walikuwa wakiyaandika. Badala yake jambo hilo limedokezwa kwa nusu mshororo, na msomaji asiyelijua atalipita.

Februari ni Rossini, katika picha ya kamera iliyopigwa na Nadar mjini Paris, akiwa mnene, ametulia, na uso wa mtu aliyetoka kula vizuri. Ubeti wake umefuata mizani minane ya utenzi:

Sherehe zangu si nyingi,
ingawa tumbo ni tungi,
na nyama nala kwa wingi,
mwaka wa nne si mbali.

Mzaha unategemea ukweli kwamba Rossini alizaliwa tarehe 29 Februari 1792, na kwa hiyo siku yake ya kuzaliwa ilikuwa ikija mara moja tu kwa miaka minne. Ni ubeti mzuri, lakini umeacha chakula kitamu mezani. Mwaka 1800 haukuwa mwaka mrefu, kwa kuwa miaka ya mia huongezwa siku pale tu inapogawanyika kwa 400, hivyo mtoto Rossini, baada ya sherehe ya mwaka 1796, alilazimika kusubiri miaka minane mizima hadi 1804. Alipofariki mwaka 1868, akiwa na umri wa miaka 76, alikuwa ameiona tarehe hiyo mara 18 tu baada ya kuzaliwa. Hapo palikuwa na beti tatu zaidi, na ninashangaa mtu aliyejua habari ya ndege wa Mozart amekosaje kuhesabu miaka hii.

Sasa nifike kwenye lawama yangu kubwa, ambayo ni ya ukurasa wa Machi. Picha ya Bach iliyotumika ni ile iliyochorwa na Elias Gottlob Haussmann, ambaye alimchora mwaka 1746 na kutoa toleo la pili mwaka 1748. Ni picha inayojulikana hasa kwa kile ambacho Bach ameshika: mkono wake wa kulia unamwonyesha mtazamaji karatasi ndogo ya noti, na noti hizo ni fumbo la kweli, kwa kuwa zimeandikwa sauti tatu tu, lakini anayejua kulifumbua hupata sauti sita zinazoimbwa pamoja. Mwandishi wa kalenda alilijua hilo, akaandika maneno ambayo kwa mwalimu wa kwaya ni dhahabu: “Nimewapa sauti tatu. Tatu nyingine mzitafute wenyewe kabla ya Jumapili.” Tatizo ni kwamba mpiga chapa, ili picha ienee vizuri juu ya jedwali la tarehe, ameikata chini ya kifua. Mkono haupo, karatasi haipo, fumbo halipo. Amebaki mzee mwenye nywele za bandia akidai kuwa ametoa kitu ambacho hakionekani popote, na waimbaji wangu walidhani ni mzaha kuhusu uchoyo. Nilimwandikia mchapishaji kwa ujumbe mfupi, naye akajibu kwa adabu kwamba vipimo vya ukurasa ndivyo vilivyolazimisha. Sikuridhika na jibu hilo, kwa kuwa ukurasa wa Desemba, wenye Beethoven aliyechorwa na Joseph Karl Stieler mwaka 1820, umeachiwa nafasi ya mikono yote miwili na daftari la Missa solemnis, misa yake kubwa, analoliandikia, ilhali mikono hiyo Stieler aliichora kwa kukumbuka tu, baada ya Beethoven kuchoka kukaa mbele yake. Mikono ya kukisia imebaki, na mkono wenye fumbo umetupwa.

Handel wa Aprili amepewa mwezi unaomfaa, kwa maana Masiya yake iliimbwa mbele ya umma kwa mara ya kwanza mjini Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Picha ni ya Thomas Hudson, mchoraji wa London, na Handel amekaa kwa upana wake wote, amevaa mavazi ya thamani. Maneno ya chini, “Wimbo umekwisha, sasa pilau,” yanacheza na sifa yake ya ulafi, ambayo ilikuwa ikizungumzwa tangu akiwa hai. Mwaka 1754 Joseph Goupy, aliyewahi kuwa rafiki yake, alichapisha katuni inayomwonyesha Handel kama nguruwe anayepiga kinanda cha kanisani huku amezungukwa na vyakula, na chini ya katuni hiyo kulikuwa na ubeti wa mistari minne unaodai kwamba hata pwani ya Afrika haizai viumbe vya ajabu vingi kuliko vile vilivyopamba jukwaa la maonyesho. Sisi wa pwani tumetajwa bila kuulizwa. Mzaha wa kalenda, ukilinganishwa na ule, ni wa upole mno, na hilo nalihesabu kuwa sifa.

Ubeti ulionifurahisha zaidi ni wa Juni, wa Haydn, aliyechorwa na Thomas Hardy mjini London mwaka 1791. Kisa chake ni cha mwaka 1772, wakati mwajiri wake, Mwanamfalme Nikolaus Esterházy, alipokawia mno katika jumba lake la mashambani nchini Hungaria, huku wanamuziki wake wakiwa wamewaacha wake zao mjini Eisenstadt. Haydn hakuandika barua ya malalamiko. Aliandika simfoni, ile ya namba 45, ambayo mwishoni wapigaji wanamaliza sehemu zao kwa zamu, kila mmoja anazima mshumaa wake na kuondoka, mpaka zinabaki fidla mbili. Kalenda imelisimulia hivi:

Bwana hataki kutoka, nyumbani wake wangoja,
Mshumaa wazimika, akaondoka mmoja,
Zeze mbili zasikika, bila neno, bila hoja,
Bwana naye akacheka: “Kesho twende kwa pamoja.”

Mizani imetimia, vina vya kati na vya mwisho vimekaa, na kisa kizima kimeingia katika mishororo minne bila kusukumwa. Tuliusoma kwa sauti kabla ya mazoezi, na mmoja wa akina baba wa sauti ya nne akaniuliza kwa heshima zote kama simfoni hiyo inaweza kupigwa siku ambayo mazoezi yanapita saa mbili usiku. Tangu hapo nikichelewesha watu, kuna anayekohoa na kuutazama ukurasa wa Juni.

Kurasa nyingine nitazipita haraka, kwa kuwa ndizo zinazoanguka kwenye kipimo changu. Brahms, mwenye ndevu zake nyingi za uzeeni, ameandikiwa “Bando limeisha.” Liszt ameandikiwa “Jumatatu tena?” Maneno hayo yangeweza kukaa chini ya picha ya mtu yeyote asiyetabasamu, hata ya kitambulisho changu mwenyewe. Kwa Liszt ni hasara ya kusikitisha, kwa sababu huyu ni mtu ambaye mashabiki wake walimpapatikia kiasi kwamba mwaka 1844 mshairi Heinrich Heine aliubunia wazimu huo jina lake maalumu, na mwandishi wa mzaha hakuhitaji kubuni chochote. Ubeti wake pia unachechemea: mshororo wa tatu una mizani kumi na saba, na anayeukariri kwa sauti hujikwaa palepale kila mara. Schubert ameokolewa na miwani yake. “Nimelala nayo ili nione ndoto vizuri,” wameandika, na mzaha unagusa masimulizi ya rafiki zake kwamba alilala na miwani usoni ili akiamka aandike mara moja.

Ukurasa wa Novemba ndio ulionifanya nione kuwa kipimo changu peke yake hakitoshi. Amewekwa Mussorgsky, katika picha maarufu ya Ilya Repin: nywele timutimu, joho la nyumbani lenye kola nyekundu, pua nyekundu, macho yanayotazama pembeni. Maneno ya chini yanasema: “Harusi ilikuwa nzuri, nadhani.” Yanamfaa huyu tu, hayawezi kuhama, na nakiri kwamba yanachekesha kwa sekunde mbili. Lakini Repin aliichora picha hiyo mwezi Machi 1881 katika hospitali ya jeshi mjini St. Petersburg, ambako Mussorgsky alikuwa amelazwa kwa maradhi yaliyoletwa na ulevi, na mwezi huohuo akafariki akiwa na umri wa miaka 42. Joho lile ni vazi la mgonjwa. Handel aliyechekwa kwa ulafi alikuwa mtu tajiri, mwenye nguvu na wenye kumtetea. Huyu amechorwa akiwa katika siku zake za mwisho, na kumcheka hapo ni kumcheka mgonjwa wodini. Nimeufunika mstari huo kwa kipande cha karatasi nyeupe, na picha nimeiacha ionekane, kwa kuwa ni picha kubwa.

Kuna pia mtu ambaye hayumo na alistahili kuwamo kabla ya wote, nami simwelewi aliyemwacha nje. Erik Satie aliandika mizaha ndani ya noti zenyewe, maneno ambayo mpiga piano anayasoma huku akicheza na hadhira haiyasikii. Mwaka 1903 alitunga kazi aliyoiita vipande vitatu vyenye umbo la peasi, na ukivihesabu ni saba. Picha yake ipo, ilichorwa na Suzanne Valadon mwaka 1893. Mwandishi wa kalenda angemwondoa Brahms na bando lake, nafasi ingepatikana.

Kwa upande wa kalenda kama kalenda, karatasi ni nzito na haijipindi kwa unyevu wa Dar es Salaam, waya wa juu unageuka bila kukwama, na sikukuu za Tanzania zimewekwa rangi nyekundu. Idi zimeachiwa alama ya kutegemea mwandamo wa mwezi, jambo ambalo kalenda nyingi za ofisini husahau. Visanduku vya tarehe ni vidogo. Muda wa mazoezi unaenea, lakini jina la wimbo halienei. Mng'ao wa karatasi nao unaakisi taa, kwa hiyo usiitundike mkabala na balbu.

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Mwalimu wa kwaya au wa muziki shuleni ainunue, mradi akitafute pembeni kile kilichokatwa katika picha ya Bach na kukibandika mwenyewe, kama nilivyofanya mimi kwa gundi na nakala ya noti zile. Anayetaka kalenda ya kupanga kazi za ofisi atafute nyingine yenye visanduku vikubwa. Mchapishaji amesema toleo la mwakani litakuwa la ukurasa mrefu zaidi; nitalinunua nikishaona kwanza mkono wa Bach.