Kutoa gundi ya stika kwenye miwani kwa mafuta ya watoto, uzoefu wangu

Kama una miwani mpya na ile stika ya kwenye kioo imechanika ikaacha gundi, soma hapa kwanza kabla hujagusa kitu chochote chenye harufu kali. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, karatasi imetoka gundi ikabaki pembeni ya kioo cha kulia, ukiangalia taa unaona ukungu, na kila ukifuta na kitambaa ndo inazidi kutapakaa, tena vumbi na nyuzi za kitambaa zinaganda hapo hapo. Kwenye mkono wa miwani nako kulikuwa na gundi ya lebo ya bei, ile iliyokaa muda mrefu mpaka imekuwa nyeusi.

Nilichotumia ni mafuta ya watoto, yale ya maji yasiyo na rangi. Unachovya kijiti cha pamba, unapaka juu ya gundi tu, unaacha dakika 10 au 15 bila kusugua. Hapo kwenye kuacha ndo pana kazi yote, watu wengi wanakosa subira. Gundi ya stika haikauki kabisa kama gundi nyingine, inabaki laini na inanata muda wote, na maji hayaiyeyushi ndo maana ukiosha na maji matupu unaona haiendi popote. Mafuta yanapenya taratibu inalegea. Ukirudi unasukuma na ncha ya kidole, sio ukucha, unaona kabisa inaanza kujikunja pembeni, inatoka vijiuzi vijiuzi halafu vinajiviringa kama vumbi la ufutio wa penseli. Nilifurahi sana kuona kioo kinatokea chini yake kikiwa safi. Ile ya kwenye mkono ilikuwa ngumu zaidi, ikabidi nipake tena na tena.

Baada ya hapo lazima uoshe, maana mafuta yenyewe yanaacha utelezi na ukungu wake. Maji ya vuguvugu, tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo ya kawaida, unasugua kwa vidole pande zote mbili, na zile pedi za puani usizisahau la sivyo miwani itakuwa inateleza kutwa nzima. Suuza vizuri ndo ukaushe na kitambaa laini cha miwani kilicho safi. Mafuta ya kupikia nayo yanafanya kazi, ila mi naona ni mazito zaidi na yanasumbua kuosha.

Sasa kwa nini nang'ang'ania mafuta wakati kuna vitu vya haraka? Tunaviita vioo lakini miwani nyingi siku hizi ni plastiki, za aina zinazoitwa CR-39 au polikaboneti, na juu yake kuna utando mwembamba mno wa kuzuia mng'ao. Dawa ya kutoa rangi ya kucha yenye asetoni inaharibu polikaboneti, kioo kinapata ukungu na nyufa ambazo hazirudi tena, na fremu za asetati, ambayo nayo ni aina ya plastiki, asetoni inaziyeyusha kabisa. Dawa za kusafishia madirisha zenye amonia zinakula ule utando. Maji ya moto hapana, plastiki inatanuka kuliko utando wake na utando unapasuka mistari midogo midogo. Dawa ya meno ina chembe za kusugua, na wembe sihitaji hata kueleza. Spiriti inatoa gundi haraka kweli, na vitambaa vingi vya kufutia miwani vya pakiti vina spiriti kidogo ndani yake, lakini kwenye fremu ya asetati au yenye rangi ya kupakwa inaweza kuacha baka jeupe, kwa hiyo mi siiweki.

Nayapa nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja nimeitoa kwa sababu mafuta yanaingia kwenye ule mfereji kati ya kioo na fremu halafu yanatoka kidogo kidogo hata baada ya kuosha, unashangaa asubuhi kioo kina mstari wa mafuta tena. Dawa yake ni kupaka kidogo sana ukiwa karibu na ukingo, na wakati wa kusuuza uelekeze maji yapite kwenye mfereji wenyewe.

Na haya yote ni kwa gundi ya stika, lebo na selotepu. Supagluu ni habari nyingine, ile ikishakauka inakuwa plastiki ngumu na mafuta hayaifanyi lolote, kinachoiyeyusha ni asetoni ambayo ndo hiyo hiyo inaua miwani. Ikidondokea kwenye kioo usiikwangue, mpelekee fundi miwani aiangalie na umwambie ni gundi gani ili ajue pa kuanzia.