Alizikagua Noti Zangu, Kisha Akaniuzia Diski Iliyokwisha Kufa

Siku nilipoinunua diski ile ya mchezo wa video, muuzaji alizishika noti zangu za dola moja baada ya nyingine, akazielekeza kwenye mwanga wa taa, akazipapasa pembeni kwa kidole gumba, kisha akanirudishia noti moja ya dola 20 kwa sababu ilikuwa na mpasuko usiozidi upana wa ukucha. Kila mkaazi wa Lubumbashi anaijua desturi hiyo, nami sikukasirika. Nilitafuta noti nyingine, nikalipa dola 40 kamili, nikaondoka na kasha langu. Naanza na noti hiyo kwa sababu mtu anayekagua karatasi kwa makini namna ile hatanishawishi kwamba hakujua alichokuwa akiniuzia.

Nina chumba kidogo cha michezo ya video huko Katuba, hapa hapa Lubumbashi, ambamo vijana wa mtaa hulipa kwa kila mechi. Mpira wa miguu ndio unaoniletea chakula, lakini kwa muda mrefu nilitamani kuwapa mchezo mwingine, wa watu wanne wanaoungana kupigana na majitu badala ya kupigana wao kwa wao. Jina la mchezo huo na jina la duka sitayataja. Atakayelihitaji onyo hili atalitambua duka akifika hapo, maana kasha lile lilikuwa limepangwa mbele kabisa, mahali ambapo jicho la mtoto hufika kwanza.

Nilipoiingiza diski, mashine ilidai kupakua mchezo wote upya kutoka intaneti, kana kwamba hakukuwa na kitu chochote ndani ya diski. Nilikuwa nikinunua mega za usiku, yaani vifurushi vya intaneti, naiacha simu karibu na dirisha ambako mtandao hushika vizuri, nalala kitini nikisubiri umeme usikatike. Kazi hiyo ilichukua karibu majuma mawili, na nilipopiga hesabu niliona kwamba mega zilikuwa zimekaribia bei ya diski yenyewe. Akaunti nayo ilinibidi niiandikishe kwa anwani ya Ubelgiji, kama wafanyavyo vijana wengi hapa, kwa kuwa nchi yetu haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa na mtandao wa PlayStation, mashine ninayotumia.

Lazima niseme ukweli: mchezo ulikuwa mzuri sana. Kwa miezi michache chumba changu kilibadilika. Watoto waliokuwa wakigombania manete, vile vidhibiti vya kuchezea, walianza kuitana kwa majina ya kazi zao mle ndani, huyu mganga, yule mlinzi wa mlango, na kijana mmoja ambaye hakuwahi kusema neno alikuwa ndiye anayewaongoza wenzake. Kama ningeandika wakati ule, ningetoa nyota zote tano na kuongeza ya sita. Hilo silifuti, hata leo.

Kisha, jioni moja kabla ya mvua kuanza, mashine iliandika kwamba seva, zile kompyuta za kampuni zinazouendesha mchezo, hazipatikani. Nilidhani ni mega. Nikanunua nyingine, ikaandika vilevile. Kesho yake kijana anayesoma Kiingereza alinitafutia habari, akanieleza kwamba kampuni ilikuwa imeufunga mchezo kwa sababu haukuuzika, na kwamba tangazo lilitolewa miezi mingi iliyopita. Nilihesabu kwa vidole. Tangazo lile lilitoka kabla ya siku niliyonunua.

Nyuma ya kasha kuna maandishi madogo yanayosema kwamba mchezo unahitaji intaneti. Niliyasoma kabla ya kulipa, nikayaelewa kama mtu yeyote wa hapa angeyaelewa, kwamba utahitaji kununua mega. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba siku kampuni itakapochoka, kitu ulichokinunua kitazimika nyumbani kwako bila wewe kukigusa.

Nilirudi dukani. Sikwenda kupigana. Nilitaka anibadilishie kwa mchezo wowote mwingine, hata wa bei ya chini, na nilizungumza naye kwa heshima kama mtu anavyozungumza na mfanyabiashara anayemjua. Hakuniangalia usoni. Alikuwa akifuta vumbi kwenye makasha, na akanijibu maneno ambayo mpaka sasa yananinyima usingizi: «Papa, miye nauzishaka diski, hapana intaneti. Diski yako ni ile unashika.» Nilimwuliza kama alijua kwamba mchezo umefungwa. Akasema wateja wengine hawajalalamika. Nyuma yake, kwenye rafu, niliona makasha manne ya mchezo uleule, bei imeshushwa hadi dola 25.

Wakati tukiongea aliingia mama mmoja na mtoto wake wa kiume, ambaye bila shaka alikuwa amefaulu mitihani, maana mama alisema kwa fahari kwamba amemwahidi zawadi na achague mwenyewe. Mtoto akanyoosha kidole kwenye kasha lile lile. Muuzaji aliliteremsha, akalifuta kwa mkono wa shati, akamkabidhi. Mbele yangu! Diski yangu iliyokufa ikiwa mkononi mwangu, yeye anamkabidhi mtoto nyingine, huku mama akifungua kitambaa kutoa pesa. Sikuweza kunyamaza. Nilimwambia mama kwamba mchezo huo hauwaki tena popote duniani. Mama alitutazama wote wawili, akauliza, «Sasa, hii inacheza ao haichezi?» Na yule muuzaji, badala ya kumjibu, alinigeukia akaniambia nitoke, kwamba nimekuja kumfukuzia wateja, kwamba watu wa Katuba hatujui kununua vitu vya mjini.

Nilitoka. Sijui kama mama alinunua. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko dola zangu 40.

Baada ya siku kadhaa hasira yangu ilianza kuhama. Nilijiuliza muuzaji yule angefanya nini hasa. Bidhaa yake huletwa ndani ya mizigo kutoka Dubai, au huja kwa malori kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na aliyemuuzia kwa jumla hana ofisi wala risiti. Chukua mfano wa mchezo mwingine: mwaka 2024 kampuni ya Sony, yenye PlayStation, ilitoa mchezo ulioitwa Concord, uliotengenezwa na studio ya Firewalk. Ulitoka tarehe 23 Agosti, ukazimwa tarehe 6 Septemba, na mwezi wa Oktoba studio yenyewe ikafungwa. Watu wengi walisifu kwamba Sony iliwarudishia wanunuzi pesa zao, nami nilisifu pia, mpaka nilipoelewa vizuri tangazo lao. Aliyenunua kwenye maduka yao ya mtandaoni alirudishiwa. Aliyenunua diski katika duka jingine alielekezwa afuate utaratibu wa kurudisha pesa wa duka lililomuuzia. Msomaji wa Lubumbashi na ausome tena mstari huo, kisha amkumbuke mtu yule akifuta vumbi. Utaratibu wa duka lililoniuzia ni ule niliousikia: diski yako ni ile unashika.

Kuna kisa cha zamani ambacho kila mtu hukitaja panapozungumzwa michezo iliyoanguka. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ilitoa mchezo wa E.T., uliotokana na filamu. Mtengenezaji wake, Howard Scott Warshaw, alipewa takriban majuma matano tu ili uwahi Krismasi. Yalitengenezwa makasha yapatayo milioni 4, yakauzwa takriban milioni 1.5, na mwaka 1983 shehena ya bidhaa zisizouzika ilifukiwa katika jaa la Alamogordo, jimbo la New Mexico, ambako watu walikwenda kuifukua mwaka 2014. Wapo wanaouita mchezo mbaya kuliko yote. Lakini mtu mwenye kasha hilo na mashine yake akilichomeka leo, mchezo utawaka, na utawaka vilevile Marekani na Katuba. Waliolinunua walipata mchezo mbaya, na ni wao hadi leo. Mimi nilipata mchezo mzuri, na sina kitu. Nikiulizwa nichague kati ya kuanguka kwa namna hizo mbili, nitachagua la Atari bila kusita.

Nakubali kwamba zipo kampuni zilizoona aibu zikarekebisha. Cyberpunk 2077 ulitoka Desemba 2020 ukiwa mbovu kiasi kwamba Sony iliuondoa dukani kwake baada ya juma moja tu na kuurudisha Juni 2021, na baada ya miaka ya marekebisho watu wameupenda. Final Fantasy XIV ulishindwa mwaka 2010, wenyewe wakaufunga na kuutengeneza upya, ukarudi mwaka 2013, na mpaka sasa una wachezaji wake. Wenzetu wa ng'ambo husimulia visa hivi kama ushuhuda wa kanisani. Mimi naviheshimu, lakini nasema kwa uchungu kwamba kila rekebisho ni giga nyingine za kupakua, na toba ya kampuni huko mbali hulipiwa hapa kwa mega za usiku.

Nafarijika kidogo kusikia kwamba sipo peke yangu. Kampuni ya Ubisoft ilipozima seva za mchezo wa magari wa The Crew mwishoni mwa Machi 2024, mchezo uliouzwa tangu 2014, hata kwa diski, wachezaji wa Ulaya walianza kukusanya saini wakidai kwamba mchezo uliouzwa usiuawe, na mwaka 2025 saini hizo zilivuka milioni 1. Huko California imetungwa sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayomtaka muuzaji wa bidhaa za mtandaoni aseme wazi kwamba mnunuzi anapewa ruhusa ya kutumia tu. Sheria hiyo haifiki katika maduka yetu, na hata ingefika ingegusa yanayouzwa mtandaoni, sio kasha lililo juu ya rafu. Hata hivyo neno «ruhusa» limenifumbua macho. Ningeambiwa kwamba nakodi mchezo kwa muda usiojulikana, ningelipa dola 10, na nisingemlaumu mtu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kulipatia duka lile nyota moja na mchezo nyota nne. Sasa naona haiwezekani. Mchezo usiowaka siwezi kuupa nyota kwa kumbukumbu ya ulivyokuwa, ijapokuwa moyo wangu unataka, kwa hiyo kampuni iliyouzima naipa sifuri. Muuzaji nilikuwa nimeanza kumhurumia, kwa kuwa naye amebaki na makasha manne yasiyo na thamani na hakuna atakayemrudishia hata senti. Lakini kila ninapotaka kumsamehe namwona akilifuta kasha kwa mkono wa shati na kumpa mtoto yule. Alikuwa amekwisha kuambiwa. Huruma yangu inaishia hapo, naye pia apate sifuri.

Juzi kijana mmoja alikuja chumbani kwangu akataka kuinunua diski ile kwa dola 5, apate kwenda kuiuza sokoni Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Nilimkatalia. Iko juu ya televisheni, na vijana bado huniuliza kama seva zimerudi.

Kwa wanaotafuta mahali pa kununua: lipo duka jingine, dogo zaidi, mwanzoni mwa barabara ileile. Nilimwambia mwenye duka kwamba sinunui mchezo mpaka niuone ukiwaka bila intaneti. Hakuchukia. Aliweka diski mashineni, akaizima simu yake iliyokuwa ikitoa mtandao, akanipa manete, na tukacheza wote wawili mpaka nikaridhika. Nilinunua mchezo wa mbio wa zamani kwa dola 20. Mfukoni nilikuwa na noti ile ile yenye mpasuko, nikamwonyesha kabla hajaishika. Aliitazama, akasema ataipokea kwa hesabu ya dola 18, nami nikamwongezea franka zilizobaki bila kubishana.