Paraloid B-72 ya kuandikia namba za makumbusho: nyota nne na nusu, ile nusu imeliwa na joto la Dar

Waliotutangulia kwenye idara yetu waliandika namba kwa chochote kilichokuwa mezani siku hiyo. Ukifungua makabati ya zamani utakuta selotepu iliyokauka ikaacha gundi tu, utakuta namba zilizochorwa kwa kalamu ya wino moja kwa moja kwenye mti, na utakuta rangi ya kucha, nyingi tu, imegeuka njano inabanduka vipande vipande, na namba inaondoka nayo. Sanamu ikishapoteza namba inabaki kuwa mpingo mzuri usiojulikana ulitoka kwa nani, lini, wala kwa mkataba gani. Kuitambua upya ni kukaa na picha za zamani na daftari la usajili, upime urefu, ulinganishe nyufa, ubishane na wenzako. Kazi hiyo naijua kuliko ninavyotamani kuijua.

Mimi ndiye mkuu wa idara ya usajili kwenye makumbusho ya sanaa hapa Dar es Salaam. Kazi ya sanaa ikiingia, iwe imenunuliwa, imetolewa zawadi au imeazimwa, inapita kwetu: tunaipokea, tunaipiga picha, tunaandika hali yake, tunaipa namba na tunajua iko rafu gani mpaka siku itakapotoka. Bima na karatasi za forodha nazo ni zetu. Watu hudhani nguzo ya idara kama hii ni kompyuta. Kompyuta tunayo, na umeme ukikatika tunaitazama. Namba iliyoandikwa kwenye kazi yenyewe inasomeka hata kwa tochi ya simu, na ya kwetu tunaiandika juu ya Paraloid B-72.

Hii ni resini ya akriliki, yaani utomvu wa kiwandani unaoyeyushwa, unapakwa kama vanishi, ukikauka unakuwa tabaka gumu. Viwanda viliitengeneza kwa ajili ya rangi na wino, ila wahifadhi wa makumbusho waliichukua zamani wakaifanya yao, kwa sababu haikimbilii kugeuka njano, na kwa sababu ukitaka kuiondoa inayeyuka tena kwa asetoni, kiyeyushi kile kile kilichoiyeyusha mwanzo. Awali ilikuwa bidhaa ya Rohm and Haas, kampuni iliyonunuliwa na Dow mwaka 2009. Utaikuta kwa namna mbili: imeshayeyushwa tayari kwenye vichupa vyenye brashi kifunikoni, ya angavu na nyeupe, au ikiwa punje kavu unazoyeyusha mwenyewe. Kwa nini nakushauri punje, nitakuja huko.

Namba zetu zina sehemu tatu: mwaka, pokezi la ngapi ndani ya mwaka huo, na kipande cha ngapi ndani ya pokezi hilo. Kwa hiyo 2016.14.3 ni kipande cha tatu cha pokezi la kumi na nne la mwaka 2016. Kipande kikiwa na kifuniko kinachotoka, tunaongeza herufi a na b. Namba ndefu namna hiyo inataka nafasi ndogo na mkono uliotulia.

Chukua sanamu ya Kimakonde, tuseme ya mtindo wa shetani, yenye viungo vilivyopinda kila upande. Kwanza tunatafuta mahali: nyuma, chini, pasipoonekana ikiwa kwenye onyesho, lakini si kitakoni panaposuguana na rafu. Hapo kuna mtego. Wachongaji wengi hung'arisha mpingo kwa nta au kwa kiwi ya viatu, na asetoni ikigusa kiwi inaikomba papo hapo, unabaki na doa lililofifia ambalo mchongaji ataliona kabla hujamkaribisha kiti. Kwa hiyo tunajaribu na kijiti chenye pamba iliyoloa kidogo tu. Pamba ikitoka nyeusi, tunahama. Mara nyingi tunaishia kwenye kijishimo au mkunjo ambao brashi ya kiwi haikufika.

Kwa kuwa mpingo ni mweusi, mkono wa kwanza unapigwa kwa B-72 nyeupe, ile iliyochanganywa na rangi ya titani. Mstari mmoja, upana wa ukucha wa kidole cha mwisho, brashi inapita mara moja basi. Ukirudia unaharibu, maana asetoni inakauka haraka na resini inaanza kuvuta nyuzi. Unaiacha ikauke kabisa. Sisi tunailaza hadi kesho yake. Ndipo inaandikwa kwa kalamu ya wino wa pigmenti wa ncha ya milimita 0.25, isiyochujuka kwa mwanga. Wino nao ukikauka, unafunikwa kwa mkono wa mwisho. Wengi hufunika kwa B-72 angavu, na inakubali kama mkono wako ni mwepesi, lakini asetoni yake inaweza kulainisha tabaka la chini na kuvuruga herufi. Sisi tunafunika kwa ndugu yake, Paraloid B-67, inayoyeyuka kwenye waiti spiriti ya mafundi rangi. Waiti spiriti haiisumbui B-72 iliyo chini, kwa hiyo namba inabaki ilivyo.

Sehemu ya uongozi iko hapa, na haimo kwenye chupa. Anayeandika haruhusiwi kujisomea. Mwenzake anasoma kutoka daftarini, mwandikaji anairudia kwa sauti, kisha anaandika. Mimi au msaidizi wangu tunapita kukagua kabla ya mkono wa mwisho, kwa sababu kosa likishafunikwa linaanza kuonekana halali. Tarakimu 6 na 9 zinapigiwa mstari chini, maana sanamu ya shetani ukiipindua hujui juu ni wapi. Nina kijana mmoja mwenye mwandiko ambao ungempa akuandikie kadi za harusi. Wino anaushika yeye, wengine wanapiga tabaka. Wamelalamika kwamba nabagua. Kweli, nabagua.

Kuna mzee mmoja, mchongaji, alikuja kuiaga sanamu yake kabla hatujaisafirisha kwenda maonyesho ya nje. Nikamwamkia, nikampa glovu, akazikataa, akaigeuza sanamu kwa mikono yake akaiona namba.

"Binti yangu, mbona mmempiga muhuri? Ana kesi?"

"Hana kesi mzee wangu. Ni asipotee huko anakokwenda."

"Na hii ndiyo haitoki tena."

Tuna kipande cha mpingo ambacho wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo hufanyia mazoezi, kimejaa namba za uongo. Nikakichukua, nikalowesha pamba kwa asetoni, nikapitisha taratibu. Wino, nyeupe na vyote vikaja na pamba. Mti ukabaki mweusi vile vile. Mzee akapitisha kidole gumba pale, akanusa, akapitisha tena.

"Kumbe. Basi mwandikieni na jina la kijiji."

Jina la kijiji lilikuwa daftarini, nikamwonyesha. Sifa ya bidhaa hii ni hiyo: inakaa muda wote unaoihitaji, na inaondoka siku usiyoihitaji. Safarini ndiko namba inapofanya kazi kuliko kote, hasa kwa mpingo, ambao tangu 2017 umo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, pamoja na karibu jamii yake yote ya Dalbergia. Vitu vilivyokamilika visivyozidi kilo 10 za mti huo kwa mzigo mmoja vimesamehewa vibali, lakini mnara wa ujamaa wenye watu waliobebana toka chini hadi juu unavuka kilo hizo bila jasho. Afisa akifungua kreti anataka kuona kilichoandikwa kwenye karatasi kipo pia kwenye kitu. Usimwambie aangalie sura, shetani wote watafanana machoni pake.

Sasa lawama. B-72 inaanza kulegea kwenye nyuzijoto 40 hivi za Selsiasi. Kwa makumbusho ya nchi za baridi hilo ni jambo la vitabuni. Kwetu, ghala lenye paa la bati mwezi wa pili, au kreti iliyoachwa juani uwanja wa ndege, linafika huko bila shida. Namba haichuruziki, usiogope, ila tabaka linanata: vumbi linakaa, na karatasi ya kufungia inaweza kujibandika. B-67 inavumilia hadi karibu nyuzi 50, na hiyo ni sababu nyingine ya kuifanya iwe ya juu. Hata hivyo kila kazi yetu ina kadi ya namba pia, imefungwa kwa uzi wa pamba, na hakuna karatasi inayolazwa juu ya namba mbichi.

Unyevu nao una visa vyake. Asetoni ikikauka kwa kasi inapoza uso wa kitu, na masika hewa ya Dar inadondosha maji hapo hapo, tabaka angavu linapata ukungu mweupe. Kwenye tabaka jeupe huuoni, kwenye angavu unakukera. Tunaongeza ethanoli kidogo ili ikauke polepole, na tunafanya kazi kwenye chumba chenye kiyoyozi. Siku ya mvua kubwa idara inahesabu rafu, haiandiki namba.

Harufu ni kali na mvuke unashika moto, kwa hiyo madirisha wazi na chai ya jioni ipikwe kwingine. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Tafuta ile yenye kichujio cha mvuke wa kemikali. Na zile glovu za nitrili za bluu tunazozipenda, asetoni inazipenya upesi. Ukimwagikiwa, vua, vaa nyingine.

Pasipo na kazi kwa B-72 ni pengi, nitaje machache. Karatasi inaandikwa kwa penseli laini, nyuma, kwenye kona. Kanga na nguo nyingine zinashonewa utepe wa pamba wenye namba. Plastiki usiiguse kabisa. Na picha za Tingatinga! Edward Saidi Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kupaka rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya baiskeli, juu ya ubao mgumu wa masonite, na wengi wakamfuata. Asetoni na rangi hiyo havikai chumba kimoja. Namba inakwenda nyuma ya ubao, kwa penseli, kisha kwenye fremu. Turubai halikadhalika: andika kwenye mti wa fremu ya ndani, kitambaa kiache.

Kuhusu kununua. Vile vichupa vilivyo tayari vinavutia, lakini ndani mna asetoni, na asetoni ni mzigo wa hatari kwenye ndege. Usimwambie binamu aliyeko London akuletee kwenye begi. Utamwingiza matatani, na chupa itabaki uwanjani. Punje kavu hazina tatizo hilo. Agiza punje, kisha asetoni safi nunua hapa hapa kwenye maduka ya kemikali za maabara. Ile ya kuondolea rangi ya kucha ina mafuta na manukato, haifai.

Kuyeyusha ni rahisi: gramu 20 za punje kwa mililita 100 za asetoni. Ukizimwaga tu zinashikana donge chini ya chupa na utakoroga mpaka uchoke. Zifunge kwenye shashi, uzining'inize ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, ulale. Asubuhi zimeisha. Chupa iwe ya kioo, siyo plastiki yoyote uliyookota, na iandikwe tarehe na kilichomo.

Mfuko wa gramu 100 unakupa nusu lita, na nusu lita kwa mistari midogo kama yetu ni mambo ya miaka. Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu mwaka huu, chukua punje za B-72. Ikiruhusu cha pili, B-67. Rangi ya titani na kalamu mbili za wino wa pigmenti zinafuata, na mhasibu akiuliza hizo kalamu zina nini hata ziwe na bei hiyo, mpeleke kwenye kabati la zamani akaone rangi ya kucha.