Tiketi ya muhula mjini Hamburg: tathmini ya mwanafunzi mgeni

Mwanafunzi anayetoka Dar es Salaam kwenda kusoma Ujerumani huandaliwa kwa mengi kabla ya safari: viza, bima ya afya, makoti ya baridi, na ile akaunti maalumu ya benki ambayo lazima iwe na yuro 11,904 za kujikimu kwa mwaka mmoja. Jambo ambalo hakuna aliyenigusia, na ambalo ndilo lililonifaa zaidi katika wiki zangu za mwanzo mjini Hamburg, ni tiketi ya usafiri anayopewa mwanafunzi pamoja na usajili wa chuo. Wenyewe huiita Deutschlandsemesterticket, na ninaiandikia tathmini hii kwa ajili ya wale wanaojiandaa kuja.

Tiketi hii hainunuliwi dirishani. Gharama yake imo ndani ya mchango wa muhula ambao kila mwanafunzi hulipa chuoni, na katika muhula wa baridi wa 2025/26 ilikuwa yuro 34.80 kwa mwezi, yaani yuro 208.80 kwa miezi sita. Mtu asiye mwanafunzi alilipa yuro 58 kwa mwezi kwa tiketi ya aina hiyohiyo, na kuanzia Januari 2026 analipa yuro 63. Kwa fedha hizo unapanda treni za mjini, mabasi, vivuko vya bandarini, na pia treni za mikoani katika Ujerumani nzima. Zinazobaki nje ni treni za mwendo wa kasi za masafa marefu, zenye herufi ICE, IC na EC. Huko lazima ukate tiketi nyingine, na mgeni asipozisoma herufi hizo ubaoni kabla ya kupanda atajikuta matatani.

Nilifika mwishoni mwa Septemba, na tiketi huanza kufanya kazi tarehe 1 Oktoba. Siku hizo chache za katikati zilinifundisha thamani yake, kwa kuwa safari moja ya mjini hugharimu karibu yuro 4, na mgeni hana safari moja. Anakwenda kufuata ufunguo, anarudi kuchukua hati aliyoisahau, anakwenda benki, anaambiwa arudi kesho. Nilianza kuhesabu kila safari kama mtu anayehesabu vidonge vya dawa, na jioni mbili nilibaki chumbani bila kula chakula cha maana kwa sababu sikutaka kulipa nauli ya kwenda dukani nisikokujua.

Oktoba ilipoingia, mambo yalibadilika. Kisheria, mtu aliyehamia makazi mapya Ujerumani anatakiwa kujiandikisha serikalini ndani ya wiki mbili, na bila hati ya uandikishaji huo mambo mengine mengi hukwama. Hamburg inakuruhusu kwenda ofisi yoyote ya jiji yenye nafasi, si lazima iliyo karibu na nyumbani. Mimi ninaishi Barmbek, na nafasi ya mapema niliyoipata ilikuwa Bergedorf, upande mwingine kabisa wa jiji. Nilipanda treni ya mjini ya S1 hadi kituo kikuu, nikabadilisha na kuingia ya S2, nikafika na muda wa kutosha, wala sikuwaza nauli.

Wema mkubwa wa tiketi hii kwa mgeni ni kwamba inamruhusu kupotea bila kulipia. Treni ya S1 inayokwenda uwanja wa ndege hugawanyika katika kituo cha Ohlsdorf: mabehewa matatu ya mbele huenda uwanjani, na ya nyuma huendelea hadi Poppenbüttel. Matangazo hutolewa, lakini Kijerumani changu kilikuwa bado kichanga, nami nilikuwa nimekaa nyuma nikienda kumpokea mwenzangu kutoka Morogoro. Nilifika Poppenbüttel, nikateremka, nikarudi Ohlsdorf, nikaingia behewa la mbele. Nilipoteza muda tu. Tangu siku hiyo nilianza kupanda mabasi ambayo sikuyajua yanakoishia, na kwa njia hiyo nikaufahamu mji. Ndivyo nilivyolipata duka la karibu na Steindamm lenye ndizi za kupika, mihogo na unga mweupe wa mahindi.

Siwezi kuacha kutaja vivuko. Kivuko namba 62 huondoka Landungsbrücken na kuvuka mto Elbe hadi Finkenwerder kwa muda usiofika nusu saa, kikipita kando ya meli za makontena zinazoingia na kutoka bandarini. Aliyekulia Kigamboni, akavuka kila asubuhi kwenda Magogoni, ataelewa nilivyojisikia niliposimama juu ya sitaha jioni ya kwanza, upepo wa maji ukinipiga usoni. Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu 2010, na hapo ndipo nilipoona kuwa miji hii inafanana kwa jambo la kweli. Watalii hulipa fedha nyingi kwa mashua za matembezi. Mwanafunzi anauona mto uleule kwa tiketi aliyonayo mfukoni.

Kasoro zipo. Vituo havina mageti, kwa hiyo unaweza kusafiri siku nyingi bila kuulizwa, kisha wakaguzi waliovaa nguo za kawaida wakaingia ghafla; asiye na tiketi hutozwa yuro 60. Tiketi imo kwenye simu, na simu iliyozimika ni sawa na kutokuwa na tiketi, basi beba chaji ya akiba pamoja na pasipoti au kitambulisho chenye picha. Baiskeli haipandi treni za mjini siku za kazi kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, wala kati ya saa 10 na saa 12 jioni. Aidha, mchango ni wa lazima hata kwa anayeishi hatua chache kutoka chuoni, jambo ambalo kwa mwanafunzi mwenye kipato kidogo ni mzigo wa kweli.

Kwa anayekuja Septemba, nashauri ajipangie fedha za nauli za siku hizo za mwanzo kama anavyopanga kodi ya chumba, na shughuli za mbali zinazoweza kusubiri aziweke baada ya tarehe 1 Oktoba. Jumapili ya kwanza ya Oktoba, maduka mengi yakiwa yamefungwa, apande kivuko namba 62.