Mafunzo ya sheria za kazi kwa viongozi wa matawi, Morogoro: pelekeni watu, ila kitini wakibadilishe

Wengi mmeniuliza kama yale mafunzo ya sheria za kazi tuliyopelekwa Morogoro yanafaa kwa viongozi wenu wa matawi ya chama cha wafanyakazi. Yanafaa, pelekeni. Ila kuna mambo ya kudai kabla hamjalipa na nitayasema yote maana ile ada ni hela ya wanachama, ni makato ya mtu anayefagia, anayeendesha foklifti, anayebeba mizigo usiku, kwahiyo mtu akiitumia lazima arudi na kitu.

Nianze na lililonishinda kuamini mwanzoni. Ukumbini tulichanganywa, viongozi wa matawi na watu wa HR (wale wanaosimamia wafanyakazi kwa niaba ya mwajiri) kutoka makampuni tofauti, meza moja. Siku ya kwanza wengi wetu tulinuna kabisa, kuna mzee mmoja wa chama kutoka kiwandani alisema wazi hawezi kumwonyesha mwajiri silaha zake. Kufikia mchana wa siku ya pili huyo huyo mzee ndo alikuwa hataki kuhama meza. Kwa sababu unagundua HR wengi hawajaisoma sheria kama tunavyodhani, anaambiwa na bosi "huyo mtoe kesho" na yeye anatafuta namna, na ukimwambia kwa upole kwamba dada yangu hapa ukiruka hatua hii Tume (ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inayoshughulikia migogoro ya kazi) itakugeukia, anakushukuru. Mi nasema hiki ndo kitu bora kuliko vyote kwenye hayo mafunzo na wasije wakakiondoa.

Cha pili ni kikao cha nidhamu cha kuigiza. Mwezeshaji (mwanasheria, mama mmoja mtaratibu sana ila hakuachii) aligeuza viti, akawafanya HR kuwa watuhumiwa na sisi wa chama tukawa menejimenti. Kesi yenyewe ni mtunza stoo anayedaiwa kupoteza mifuko ya saruji. Barua ya mashtaka imeandikwa "utovu wa nidhamu" basi, haina tarehe wala haisemi mifuko mingapi wala nani alihesabu. HR aliyeigiza mtunza stoo alisimama akasema sasa mimi najibu nini hapa? Alivyosema vile ukumbi mzima ulinyamaza, maana barua za namna hiyo wanaziandika wao kila mwezi na sisi tunazipokea kila mwezi.

Pale ndo tukapitishwa kwenye Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, lile Tangazo la Serikali namba 42, hatua kwa hatua. Uchunguzi kwanza, sio kikao kwanza. Mashtaka yaandikwe kwa lugha mtu anayoielewa. Muda wa kujiandaa kwa kawaida usipungue saa 48, kwahiyo kile kimtindo cha kumpa mtu barua saa kumi jioni na kikao kesho asubuhi saa tatu, unasimama pale pale unaomba kiahirishwe na unahakikisha ombi lako limeandikwa kwenye muhtasari. Mwenyekiti wa kikao awe mtu wa ngazi ya juu ambaye hakuhusika na lile tukio. Mfanyakazi ana haki ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake, ana haki ya kuwauliza maswali mashahidi, na akionekana ana kosa kuna kipengele cha kujitetea apunguziwe adhabu kabla adhabu haijatolewa, halafu kuna rufaa ndani ya kampuni.

Hapo kwenye kupunguziwa adhabu ndo mama mwezeshaji alitukalia kooni. Tunapigana kufa na kupona kusema mtu hakuiba, kikao kikisema ameiba tunakusanya mafaili tunaondoka. Hakuna anayesema mwenzetu huyu ana miaka kumi na mbili kazini hana onyo hata moja, hakuna anayeuliza yule mwingine aliyefanya kosa kama hili mwaka jana alipewa nini. Alitufanya tuandike utetezi wa dakika tatu kila mtu kwa mkono wake na kuusoma kwa sauti. Kuna dada kutoka hotelini alisoma wa kwake mpaka nikashika kalamu kuunakili.

Siku ya Tume ilikuwa nzito na nilitamani iwe ndefu zaidi. Tulipewa fomu namba moja, ile ya kufungulia mgogoro, tukaambiwa jazeni bila msaada. Ukijaza ndo unajua hujui. Kwa mgogoro wa kuachishwa kazi una siku 30 tu tangu siku ya kuachishwa, au tangu siku mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho kama kulikuwa na rufaa ya ndani, na migogoro mingine yote ni siku 60. Naomba kila kiongozi wa tawi anayesoma hapa aishike hiyo 30 maana watu wetu wanapoteza haki hapo, mtu anaachishwa, anaenda kumwona meneja, anaambiwa subiri tunalishughulikia, anasubiri kwa adabu zake zote, anarudi mwezi wa pili anaambiwa suala lako limefungwa. Ukija kwetu muda huo inabidi fomu namba mbili ya kuomba kuongezewa muda pamoja na kiapo, na kila siku uliyochelewa uielezee sababu yake. "Nilikuwa nasubiri meneja" haikuvushi.

Halafu jambo ambalo kwa kweli sikuwahi kulisikia kwenye semina nyingine yoyote, kwamba kile ulichoandika kwenye fomu namba moja ndo kinakufunga mpaka mwisho. Kama kulikuwa na malimbikizo ya mshahara na wewe umeandika kuachishwa kazi peke yake, mbele ya mwamuzi (anayesikiliza kesi usuluhishi ukishindikana) usije na malimbikizo. Ile sehemu B ni ya kuachishwa kazi tu, na mwajiri lazima apelekewe nakala na uthibitisho wa kumpelekea uwepo. Tulibadilishana fomu na majirani tukasahihishana kwa peni nyekundu, na nyingi zilirudi nyekundu tupu, za HR na za chama.

Kwenye usuluhishi tuliigiza pia. Nililolishika ni kwamba yanayosemwa mbele ya msuluhishi ni siri, hayaendi kutumika kwenye uamuzi, kwahiyo usiogope kuongea namba. Ila hati ya makubaliano ukishasaini inakaziwa kama hukumu ya mahakama, kwahiyo mwanachama asome kila mstari na kama hasomi vizuri msomee polepole, usimharakishe eti msuluhishi ana kesi nyingine nje.

Kuhusu mgomo naona walieleza vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikiliza. Mshahara umechelewa, wanachama wamechemka, wanataka wagome kesho. Mwezeshaji akauliza huu ni mgogoro wa maslahi au ni malalamiko ya haki? Mshahara uliokwishaufanyia kazi ni haki yako tayari, unaenda Tume kuudai, huo sio wa kugomea. Mgomo halali ni wa maslahi, mfano mnaomba nyongeza mmeshindwana, mmepita usuluhishi siku 30 haujazaa kitu, mmepiga kura kwa mujibu wa katiba ya chama wengi wamekubali, mmempa mwajiri taarifa ya saa 48. Na wenzetu wa maji, umeme, hospitali, zimamoto wao ni huduma muhimu, hawagomi, njia yao ni uamuzi wa Tume. Ukiruka hatua unawaweka watu barabarani bila kinga, na mwenyekiti wa tawi ndo wa kwanza kuandikiwa barua. Walikuwepo vijana wawili wa matawi mapya waliokuja na moto mkali, nilifurahi walivyosikiliza hili na kuuliza maswali ya maana.

Sasa ya kurekebisha, na hapa nasema kwa uchungu kwa sababu mafunzo ni mazuri.

Kitini ni cha Kiingereza. Chote. Slaidi za Kiingereza, mwezeshaji anaongea Kiswahili safi halafu ukutani pameandikwa lugha ambayo nusu ya ukumbi wanaifuata kwa shida. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa ndo lugha ya sheria na ya mahakama nchini, kwahiyo hakuna sababu mwakilishi wa wafanyakazi wa usafi akarudi nyumbani na kitabu asichoweza kumsomea mwanachama wake chini ya mwembe wakati wa chai. Mama mmoja alisimama akaliomba hili kwa heshima zote, akajibiwa linafanyiwa kazi. Lifanyiwe kazi kweli.

Na kitini ni cha zamani. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwanzoni mwa 2025 hayamo, yale yaliyoleta mambo kama likizo ya mama aliyejifungua mtoto njiti, kwamba anaongezewa muda mpaka zitimie wiki 40 za ujauzito. Mwezeshaji aliyasema kwa mdomo, tukaandika pembeni. Tena tangu Julai 1, 2025 tunatumia Toleo la Urekebu la 2023, yaani sheria zilizopangwa na kuchapishwa upya, na namba za vifungu zimehama, kile kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini tulichokizoea wote cha kuachishwa kazi isivyo halali ukikitaja kwa namba hiyo kwenye barua leo mwanasheria wa kampuni anakuona hujasoma. Hili sio dogo. Kiongozi wa tawi nguvu yake ni kuaminika, ukikosea namba mbele ya meneja hata hoja yako ya kweli inapungua uzito.

Majadiliano ya mkataba wa hali bora (makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi) yalipewa jioni ya mwisho, watu wamechoka, wengine wanaangalia saa ya basi. Walieleza kwamba chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi ndo kinatambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano, na mwajiri anatakiwa kukutana nanyi ndani ya siku 30 baada ya kupata taarifa yenu, vizuri, ila hakuna zoezi hata moja la kukaa na kudai. Hatukufundishwa kusoma mahesabu ya kampuni, namna ya kuandaa hoja ya nyongeza, wala mwajiri akisema hana hela unamwomba akuonyeshe nini. Upunguzaji wafanyakazi nao ulipita mbio, na ndo kipindi ambacho tawi linamhitaji mtu aliyefundishwa, maana sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, atoe nyaraka, ashauriane na chama kuhusu sababu, namna ya kuepusha, vigezo vya nani aondoke, lini, na malipo. HR mmoja mkweli alisema kwao orodha ya majina huwa tayari kabla ya kikao cha kwanza. Hapo palihitaji nusu siku nzima, tukapewa dakika.

Mazingira sina la kulalamika, chakula kizuri, maji yapo, ukumbi una feni zinazofanya kazi. Cheti wanatoa.

Kitu kidogo kilichobadilisha tawi letu mara tuliporudi ni hesabu ya wawakilishi. Wanachama 1 hadi 9 mwakilishi mmoja, 10 hadi 20 watatu, 21 hadi 100 kumi, zaidi ya 100 kumi na tano, na hapo kwenye zaidi ya 100 angalau watano wawe wa kuwawakilisha wanawake kama wapo kazini. Nendeni mkahesabu kwenu. Pia makato ya ada ya chama mwajiri anatakiwa ayawasilishe ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, akikaa nayo bila sababu ya msingi anadaiwa asilimia 5 ya kiasi hicho kwa kila siku. Watu wa HR waliposikia asilimia 5 kwa siku, wawili walitoka nje kupiga simu ofisini, na mimi hapo nikajua mafunzo yameingia.

Nani aende? Mwenyekiti na katibu wa tawi waende wote wawili, sio mmoja, mmoja akihamishwa au akiacha kazi maarifa yasiondoke naye. Muwe na HR wenu kama mnaweza kumshawishi. Kama tawi lenu liko katikati ya majadiliano ya hali bora sasa hivi, tafuteni mafunzo mengine ya majadiliano, haya hayatawatosha. Na kabla ya kulipa waulizeni kwa maandishi: kitini ni cha Kiswahili? Ni cha baada ya 2025? Kuna siku ya majadiliano?

Halafu usichukue likizo yako ya mwaka kwenda kwenye mafunzo kama walivyofanya baadhi ya wenzetu pale. Sheria inamtaka mwajiri ampe mwakilishi wa chama likizo ya kiasi yenye malipo kwa ajili ya mafunzo yanayohusu kazi yake ya uwakilishi, ni haki tofauti na zile siku 28. Andika barua mapema, ambatanisha ratiba ya mafunzo, wape nakala ofisi ya chama ya mkoa, na usubiri jibu kwa maandishi, la mdomo usilikubali.